Klachi ya gari kuukuu: Hakikisha ugonjwa kabla ya kulipia dawa

MSHALE wa mizunguko ya injini ulipanda na mngurumo ukaongezeka, lakini gari halikuongeza kasi.

Tulikuwa tumelipita lile kanisa dogo lililojengwa na wafungwa wa vita wa Kiitaliano, tukikwea ukingo wa Bonde la Ufa kutoka Mai Mahiu kuelekea Rironi. Nyuma yetu malori yalikuwa yamefuatana msururu, na madereva wake hawakuwa na subira.

Nilirudisha gia hadi ya pili. Gari likavuta kidogo, kisha likalegea tena. Harufu kali ya kitu kinachoungua ikajaa ndani, na mama yangu aliyeketi kiti cha nyuma akauliza ni nani aliyekuwa akichoma magunia jioni ile.

Hayakuwa magunia. Ilikuwa klachi ya gari langu, Toyota lililokuwa limetumika kwa miaka mingi kabla ya kunifikia. Tulifika nyumbani usiku kwa kutambaa. Shule zilikuwa zifunguliwe baada ya siku nne, na fedha nilizokuwa nazo zilikuwa karo.

Wengi wanaomiliki magari makuukuu nchini watakuwa wamewahi kujikuta katika njia panda kama ile. Klachi haifi kwa kungoja wakati mwafaka, na inapokufa humlazimisha mwenye gari kutoa fedha nyingi kwa mkupuo mmoja, aghalabu akiwa hana hata ufahamu wa kinacholipiwa.

Makala haya yanakusudia kueleza mambo mawili: jinsi ya kuhakikisha kwamba ni klachi yenyewe iliyoharibika, na jinsi ya kulipia ukarabati wake bila kulipa mara mbili.

Kwa nini magari haya bado yapo

Kanuni za Kenya haziruhusu kuingizwa nchini kwa gari kuukuu lililopitisha miaka minane tangu liliposajiliwa mara ya kwanza. Lakini gari likishaingia, hakuna anayelifukuza barabarani kwa sababu ya umri pekee.

Ndiyo maana magari ambayo nambari zake za usajili zinaanza kwa KA bado yanabeba maziwa, walimu, wagonjwa na mboga kila uchao. Kwa wenyewe, gari la aina hiyo si pambo. Ni chombo cha kazi, na likilala siku moja kuna riziki inayolala pamoja nalo.

Magari mengi yanayotoka Japani yana gia za kujiendesha na hayana kanyagio la klachi. Hayo yana matatizo yake mengine. Tunayoyazungumzia hapa ni yale ya gia za kawaida, yenye makanyagio matatu: la mafuta, la breki na la klachi.

Klachi ni nini hasa

Injini ikishawashwa huzunguka bila kukoma, ilhali magurudumu sharti yaweze kusimama. Kwa hivyo panahitajika kitu cha kuiunganisha injini na giaboksi na kuitenganisha kila dereva anapotaka. Kazi hiyo ndiyo ya klachi.

Nyuma ya injini kuna gurudumu zito la chuma liitwalo flaiwili. Likifuata hilo kuna sahani nyembamba iliyobandikwa pande zote mbili kitu kigumu kinachofanana na kile cha breki. Mafundi huiita pleti.

Baada ya sahani kuna presha pleti, ambayo ina springi zenye nguvu. Springi hizo huigandamiza sahani kwenye flaiwili ili vizunguke pamoja, na kwa njia hiyo nguvu za injini hupita hadi kwenye giaboksi na kuyafikia magurudumu.

Dereva anapokanyaga klachi, beringi moja husukumwa mbele na kuvibonyeza vidole vya springi za presha pleti. Mgandamizo huondoka, sahani ikabaki huru, na gia ikaweza kubadilishwa bila kelele.

Nguvu za mguu hufika kwenye beringi hiyo kwa njia mojawapo kati ya mbili. Baadhi ya magari hutumia waya. Mengine hutumia mafuta ya breki yanayosukumwa kutoka silinda ya juu, karibu na kanyagio, hadi silinda ya chini iliyofungwa kwenye giaboksi.

Ni muhimu kukumbuka mgawanyo huu. Sahani, presha pleti na beringi vimefichwa kati ya injini na giaboksi, na haviwezi kufikiwa kabla ya giaboksi kushushwa. Waya na silinda, katika magari mengi, viko nje, na huweza kurekebishwa bila kuigusa giaboksi.

Kwa ufupi, tofauti kati ya kulipa fedha kidogo na kulipa fedha nyingi hutegemea iwapo hitilafu iko nje au ndani.

Dalili na maana zake

Dalili ya kwanza ni kuteleza. Ukikanyaga mafuta, injini hunguruma na mshale wa mizunguko hupanda, lakini kasi ya gari haipandi kwa kiasi hicho. Huanza kuonekana milimani, gari likiwa na mzigo, au dereva anapotaka kulipita gari jingine.

Hapa wengi hukosea. Gari likishindwa na mlima si lazima iwe klachi. Ikiwa injini yenyewe haipandi mizunguko, yaani mshale umelala na mngurumo ni dhaifu, tatizo huenda likawa kichujio cha mafuta kilichoziba, plagi zilizochoka, au hata breki zinazokwama na kulishika gurudumu.

Klachi inayoteleza huacha injini ikimbie peke yake. Injini iliyochoka haikimbii hata kidogo. Atakayeshika tofauti hiyo hatauziwa klachi ilhali alihitaji kichujio.

Dalili ya pili ni klachi kutoachia. Gia huwa ngumu kuingia, hasa ya kwanza, na ile ya kurudi nyuma hulia kama meno yanayosagana. Kanyagio huwa linashikia karibu na sakafu.

Aghalabu dalili hii hutokana na vitu vya nje: waya ulionyooka au kukatika nyuzi, mafuta ya breki yaliyopungua, hewa iliyoingia kwenye mfereji wa mafuta, au vipira vya silinda vilivyochakaa. Kanyagio likizama na kubaki chini bila kurudi, anza kwa kuzishuku silinda au waya kabla ya kushuku kitu kingine.

Mwenzangu mmoja kazini aliambiwa na fundi kwamba giaboksi ya gari lake sharti ishushwe. Fundi wa pili aliinua kifuniko cha injini, akaona mafuta yakitiririka kwenye silinda ya chini, akabadilisha kipira na kutoa hewa. Kazi hiyo ilimalizika kabla ya chakula cha mchana.

Dalili ya tatu ni gari kutetemeka linapoondoka. Huenda sahani imelowa mafuta ya injini au ya giaboksi yanayovuja, au flaiwili ina mabaka yaliyotokana na joto kali. Lakini hata mipira inayoishikilia injini ikikatika, gari hutetemeka vivyo hivyo. Mipira hiyo ikaguliwe kwanza.

Dalili ya nne ni kelele. Washa injini, acha gia ikiwa huru, kisha usikilize. Kelele ikianza unapokanyaga klachi, aghalabu beringi ya klachi ndiyo mbovu. Kelele ikiwapo wakati mguu hauko kwenye kanyagio, kisha ikatoweka unapokanyaga, tatizo huenda liko kwenye beringi za giaboksi yenyewe. Hilo ni gonjwa jingine, na klachi mpya haitaliponya.

Majaribio unayoweza kufanya mwenyewe

La kwanza halihitaji hata kuwasha gari. Fungua kifuniko cha injini na utazame kibuyu cha mafuta ya klachi, ikiwa gari lako linatumia mafuta. Katika baadhi ya magari klachi na breki hutumia kibuyu kimoja. Yakiwa yamepungua, kuna mahali yanakovujia. Kuyajazia tu ni kuahirisha tatizo, na kama kibuyu ni cha pamoja na breki, ni kuhatarisha maisha.

Gari likiwa la waya, libonyeze kanyagio kwa mkono taratibu. Katika mifumo mingi ya waya panatakiwa kuwa na nafasi ndogo kabla ya kanyagio kuanza kuwa gumu. Waya ukiwa umekazwa kupita kiasi, klachi haishiki kikamilifu, na huteleza hata kama sahani bado ni nzima. Marekebisho yake ni ya dakika chache.

Jaribio la pili hufanywa gari likiwa mahali tambarare na palipo wazi, pasiwe na mtu mbele wala nyuma. Vuta breki ya mkono hadi mwisho. Tia gia ya tatu au ya nne, ongeza mafuta kidogo, kisha uachie klachi kama mtu anayetaka kuondoka.

Klachi nzima itaizima injini papo hapo. Injini ikiendelea kuzunguka wakati mguu wako umekwisha kuondoka kwenye kanyagio, klachi inateleza. Fanya hivyo mara moja tu, kwani kila jaribio huichoma sahani zaidi.

Jaribio la tatu ni la barabarani. Ukiwa katika gia ya nne kwa mwendo wa wastani, kanyaga mafuta ghafla. Mshale wa mizunguko na ule wa kasi vinapaswa kupanda kwa pamoja. Wa kwanza ukiruka na kumwacha mwenzake nyuma, jibu umelipata.

La nne ni la kutambua klachi isiyoachia. Injini ikiwa katika mwendo wa chini, kanyaga klachi hadi mwisho, hesabu hadi tano, kisha utie gia ya kurudi nyuma. Ikiingia kwa ulaini, klachi inaachia vyema. Ikilia, haiachii.

Andika unachokiona na kukisikia kwenye kipande cha karatasi, kisha uende nacho gereji. Fundi mwema atakifurahia. Asiye mwema atajua kwamba aliyekuja mbele yake si wa kudanganywa ovyo.

Kufungua ni mara moja

Tuseme sasa imebainika kwamba ugonjwa uko ndani. Hapa ndipo nilipokosea mimi.

Kwa sababu ya karo, nilimwomba fundi wa karibu na nyumbani abadilishe sahani peke yake na kuacha vingine vyote vilivyokuwamo. Alisita, lakini mteja ni mimi na fedha zilikuwa zangu. Gari lilitoka likivuta vizuri na nikajiona mwerevu.

Miezi mitatu baadaye beringi ya zamani ilianza kulia kila nilipokanyaga klachi. Niliipuuza. Ilipovunjika iliviharibu vidole vya springi za presha pleti, na giaboksi ikashushwa kwa mara ya pili. Nililipa upya kazi ileile niliyokwisha kuilipia.

Sehemu kubwa ya jasho la fundi katika ukarabati wa klachi huishia katika kuishusha na kuirudisha giaboksi. Akishaishusha, kubadilisha kitu kimoja au vitatu ni tofauti ya dakika chache. Kwa hivyo mwenye gari anayeokoa beringi moja anahatarisha gharama ya kazi nzima.

Tuchukue mfano wa hesabu, msomaji akijaza bei za mtaani kwake na za gari lake. Tuseme seti nzima ya sahani, presha pleti na beringi ni Sh15,000 na kazi ni Sh6,000. Jumla ni Sh21,000.

Mwingine ananunua sahani pekee kwa Sh6,000 na kulipia kazi Sh6,000. Ametumia Sh12,000 na anajipongeza. Baadaye presha pleti na beringi zinamgharimu Sh11,000, na kazi Sh6,000 nyingine. Jumla yake sasa ni Sh29,000, yaani Sh8,000 zaidi ya yule aliyefanya yote kwa mkupuo. Hatujahesabu siku ambazo gari lilikaa bila kufanya kazi.

Isitoshe, giaboksi ikiwa chini kuna mambo mengine matatu ya kutazamwa. Kwanza ni sili ya mafuta iliyo nyuma ya injini. Ikiwa inavuja na ikaachwa, itailowesha sahani mpya na kuiharibu.

Pili ni uso wa flaiwili. Ukiwa na mikwaruzo au mabaka, upelekwe kwa fundi wa mashine aulainishe, mradi unene wake unaruhusu. Baadhi ya magari ya kisasa, hasa ya dizeli kutoka Ulaya, yana flaiwili yenye sehemu mbili na springi kati yake. Hiyo ni ghali mno na aghalabu hubadilishwa badala ya kulainishwa, kwa hivyo ulizia bei yake kabla ya kazi kuanza.

Tatu ni mafuta ya giaboksi. Ikiwa yatamwagwa wakati wa kazi, ni busara kutia mapya yaliyopendekezwa na mtengenezaji.

Tukiongeza kwenye mfano wetu Sh1,000 za sili, Sh2,000 za kulainisha flaiwili na Sh2,500 za mafuta, zile Sh21,000 zinakuwa Sh26,500. Hicho ndicho kiasi ambacho mwenye gari anapaswa kukipangia, wala si bei ya sahani peke yake aliyotajiwa kwenye simu.

Dukani na kwa fundi

Wakazi wa Nairobi wanaijua Barabara ya Kirinyaga, ambayo wengi bado huiita Grogan, kwa maduka yake ya vipuri. Kila mji mkubwa una mahali pake pa namna hiyo. Tatizo huwa ni kujua unachouziwa.

Nenda na nambari ya fremu ya gari na, ikiwezekana, sahani ya zamani. Magari mawili yenye jina moja na sura moja huweza kuwa na injini tofauti, na klachi za vipimo tofauti. Linganisha kipenyo cha sahani na idadi ya meno ya tundu la katikati kabla ya kutoa fedha.

Kampuni kama Exedy na Aisin za Japani, Valeo ya Ufaransa, na LuK na Sachs za Ujerumani zina sifa katika utengenezaji wa klachi. Kwa sababu hiyohiyo majina ya aina hii huwavutia waigaji. Chapa iliyofifia, tahajia yenye makosa na bei ya chini kupindukia ni mambo ya kutiliwa shaka. Dai risiti yenye jina la duka na maelezo ya kipuri.

Klachi iliyokwisha kutumika, iliyotolewa kwenye gari jingine, ni ya bei nafuu lakini hakuna ajuaye imebakiza umri gani. Kwa kuwa kazi ya kuifunga ni ileile, kununua sahani iliyochakaa nusu ni kununua safari nyingine ya gereji.

Kwa upande wa fundi, wengi hawajui kwamba Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012 ina sehemu inayohusu ukarabati wa magari. Inazungumzia makadirio ya gharama, idhini ya mteja kabla ya kazi kufanywa, na kurudishiwa vipuri vilivyotolewa.

Katika gereji za jua kali si rahisi kumsomea mtu vifungu vya sheria, wala si lazima. Inatosha kuomba, kwa heshima, mambo manne yaandikwe: kazi itakayofanywa, vipuri vitakavyotumika, bei, na muda ambao fundi atakuwa tayari kuirudia kazi bila malipo ikiharibika.

Omba pia vipuri vya zamani. Sahani iliyokwisha huonyesha vichwa vya ribiti vikiwa vimekaribia kusawazika na uso wake. Iliyolowa mafuta hung'aa na kunuka. Ukionyeshwa sahani nene na kavu, una haki ya kuuliza giaboksi ilishushwa kwa sababu gani.

Usilipe fedha zote mapema. Nunua vipuri mwenyewe au uandamane na fundi dukani, kisha ulipe ada ya kazi baada ya kuliendesha gari mlimani ukiwa naye kando yako.

Anayetaka kuifanya kazi hii nyumbani aonywe. Giaboksi ni nzito na gari linaloning'inia juu ya jeki pekee limekwisha kuua watu. Aidha, vumbi la klachi za zamani huenda likawa na asbesto, madini yanayosababisha saratani ya mapafu. Lisipulizwe kwa mdomo wala kwa hewa ya pampu. Lifutwe kwa kitambaa chenye maji.

Fedha zitoke wapi

Bima haitasaidia. Hata ile kubwa inayofidia ajali na wizi kwa kawaida hailipii uchakavu wa kawaida wa gari, na klachi iliyochakaa ni mfano halisi wa uchakavu huo.

Kabla ya kutafuta mkopo, jiulize swali gumu: je, gari hili linastahili? Wengi hujibu kwa kulinganisha gharama na thamani ya gari. Hilo ni sawa, lakini halitoshi.

Gari la Sh300,000 likidai Sh26,500, hiyo ni chini ya sehemu moja ya kumi. Klachi hiyo ikidumu miaka mitatu, ni takriban Sh740 kwa mwezi. Ni vigumu kupata gari jingine kwa kiasi hicho. Hata ikidumu mwaka mmoja tu, ni takriban Sh2,200 kwa mwezi, kiasi ambacho familia nyingi hukipita kwa nauli za matatu pekee.

Kadhalika, usidanganyike kwamba ni heri uliuze likiwa bovu. Mnunuzi wa gari lisilovuta hupunguza bei kwa zaidi ya gharama ya klachi, kwa kuwa hajui ni nini kingine kimejificha.

Lakini klachi isitazamwe peke yake. Ikiwa injini inakunywa oili, bodi imeliwa na kutu, na saspensheni inagonga, jumlisha yote kwanza. Gari la Sh150,000 linalodai Sh120,000 limekwisha kukuambia lenyewe kwamba wakati wa kuagana umewadia.

Ukiamua kutengeneza, mkopo wa chama au wa ushirika, ambao masharti yake unayajua, ni afadhali kuliko ule wa haraka wa kwenye simu. Tangu mwaka 2022 Benki Kuu imekuwa ikitoa leseni kwa wakopeshaji wa kidijitali. Anayelazimika kukopa huko ahakikishe anayemkopesha yumo katika orodha hiyo, na ahesabu riba kwa mwaka mzima, si kwa wiki.

Fundi anayekujua huenda pia akakubali kulipwa ada yake kwa awamu mbili. Mwombe kabla ya kazi kuanza, si baada ya kumalizika.

Mguu unaoua klachi

Klachi ya dereva mmoja huweza kupita kilomita 100,000, na ya mwingine, katika gari la aina hiyohiyo, ikafa kabla ya 30,000. Tofauti kubwa huwa ni mguu.

Anayeendesha huku mguu ukipumzika juu ya kanyagio huifanya klachi iteleze kidogo safari nzima. Anayelizuia gari mlimani kwa klachi badala ya breki ya mkono huichoma akiwa amesimama. Katika misongamano ya jiji, tia gia huru, vuta breki ya mkono na uondoe mguu.

Mzigo nao una adabu yake. Gari lililoundwa kubeba watu watano na mizigo yao halikuundwa kubeba magunia ya viazi hadi darini.

Baada ya kulipa mara mbili, nilianza kuweka Sh50 kila siku kwa ajili ya gari. Kwa mwaka mmoja hizo ni Sh18,250. Haziwezi kununua gari jipya, lakini zinatosha kuondoa ule ulazima wa kuchagua kati ya klachi na karo.

Wahenga walisema akiba haiozi. Klachi huoza, tena bila kupiga hodi mara mbili. Anayesikia hodi yake ya kwanza mlimani, aende akaijaribu kesho yake kwenye uwanja tambarare, angali na nafasi ya kuchagua atalipia nini.